Nilivyoyaonea Wivu Matuta ya Mama Lusajo

Hapa Kyimo nina jina ambalo sikupewa kanisani wala na mama yangu mzazi, naitwa Mama Matuta, na nikipita pale kijiwe cha bodaboda lazima mmoja aulize, "Mama Matuta, leo majani yako wapi?" halafu wenzake wanacheka mpaka wanalalia usukani, na mimi napita kama sijasikia. Kisa chenyewe nimewahi kukisimulia mara mbili tatu, na kila nikikisimulia nilikuwa nakipunguza pale panapouma. Leo nawapa chote, mnicheke mmalize.

Nianze na ukweli. Mimi nina wivu. Sio ule wa mume tu (ingawa na huo upo), ni ule wa kumwona mwenzangu anapata na mimi sipati, tena tunauza kitu kilekile, ndizi mbivu na parachichi, kutoka udongo uleule, kwenye lami ileile inayotoka Mbeya kushuka Tukuyu. Mimi nilikuwa nauzia juu, kwenye kona. Mama Lusajo anauzia chini kidogo, ukitembea huku unakula ndizi unafika kwake hujaimaliza. Miaka ya nyuma pale kwake palikuwa pabaya, magari yanaushuka ule mteremko kwa kasi, ukungu ukitanda ndio kabisa, na ajali zilikuwa hazikauki, mpaka mwaka ule Fuso ilipomfuata Mama Lusajo mwenyewe kwenye beseni lake na kumvunja mguu. Akalazwa hospitali ya Makandana wiki nyingi, akarudi anachechemea, na mpaka leo anachechemea. Baada ya hapo ndipo watu wa barabara wakaja kuweka matuta.

Sasa sikilizeni tuta linavyofanya kazi. Gari likifika pale linapunguza mwendo, likipunguza mwendo dirisha linashuka, na dirisha likishuka Mama Lusajo yupo hapohapo na sahani ya ndizi. Saa tano asubuhi beseni tupu, mtu anapanguza mikono anarudi kwake kupika. Mimi kule juu magari yananipita vuu, yananirushia maji (na Rungwe mvua haingoji kuombwa), jioni narudi na ndizi zimeanza kuwa nyeusi, mpaka wanangu wakawa wakiona ndizi wanakimbilia kwa jirani. Halafu siku moja Baba Bupe, mume wangu wa ndoa, anaingia na mfuko wa parachichi. Nikamuuliza umetoa wapi.

"Kwa Mama Lusajo," akasema. "Boda ilipunguza pale kwenye tuta, nikaona nichukue."

Mume wa muuza parachichi huyo! Nilinuna siku tatu. Na wivu ukishakaa ndani ya mtu hauna adabu, maana nilifika mahali nikawa nauonea wivu hata ule mguu, nikawa najisemea moyoni kwamba mwenzangu kavunjika kapata matuta, mimi mzima wa afya sina kitu. Ndivyo nilivyokuwa, sifichi.

Kila mwisho wa mwaka trafiki wa huku kwetu, afande mmoja mwanamke, mpole wa sauti ila macho yake hayacheki, huwa anakuja kwenye mkutano wa kijiji kutusomea hali ya ajali. Anabandika karatasi kubwa ukutani, kila kipande cha barabara kina mstari wake mwekundu, unaona mwaka hadi mwaka unavyopanda na kushuka. Mwaka huo akaanza na pale kwa Mama Lusajo, mstari ulikuwa juu sana, matuta yalipowekwa ukaanza kushuka, mwaka uliofuata ukashuka tena. Watu wakapiga makofi, Mama Lusajo akasimamishwa akapigiwa na vigelegele, kana kwamba yale matuta kayamwaga yeye kwa mikono yake. Kisha afande akasema, "Na kona ya juu, huu mwaka wa pili mstari umelala chini kabisa, hakuna ajali hata moja. Hongereni sana." Makofi tena. Mimi peke yangu mikono yangu ilibaki mapajani.

Nikasimama. Sijui nani alinisimamisha.

"Afande, samahani, na sisi kona ya juu tunaomba matuta."

"Mama, matuta yanawekwa penye ajali. Kwenu hakuna."

"Zipo, afande. Ila haziandikwi."

Akaniangalia kidogo, akasema, "Basi tuandikie wewe, si unashinda pale? Baada ya Pasaka nitakuja na mafundi wa barabara, utatuonyesha daftari."

Nikachukua daftari la hesabu la Bupe lililobaki kurasa za nyuma, nikafunga kalamu kwa uzi, nikakaa kwenye kona yangu. Wiki ya kwanza hakuna kitu. Mwezi ukaisha hakuna kitu, madereva wa msimu ule sijui waliokoka wote kwa pamoja. Nikajikuta nikisikia gari linashuka kwa kasi moyo unainuka, likipita salama moyo unashuka. Mimi huyu, mwanakwaya wa akina mama, nimekaa na kalamu nangojea watu waanguke. Nilikuwa naomba iwe ndogo tu, isiue mtu, lakini nilikuwa naomba. Haikuja hata ndogo, basi nikaanza kuandika nilichokiona: kuku wa jirani kagongwa na baiskeli, mbuzi kakoswakoswa na Noah ya abiria, toroli la viazi limepinduka, viazi vimeumia, mimi mwenyewe nimeteleza na ndoo. Kwa mtindo huo ukurasa ukajaa.

Siku yenyewe ikafika, asubuhi ya manyunyu. Nikiwa kule juu nikaliona gari la wageni linakuja kutoka Tukuyu, nikajifunga kanga vizuri, nikaweka ndizi nzurinzuri juu ya beseni. Gari likasimama chini, kwenye matuta. Nikaona mafundi wanashuka, wanakula ndizi za Mama Lusajo, mwenyekiti wa kijiji anacheka naye, halafu Mama Lusajo anafunguliwa mlango anapandishwa humo ndani, tena kiti cha mbele (baadaye nikaambiwa mwenyekiti alisema aje kwa kuwa ana uzoefu). Yaani hata ukaguzi wa kona yangu anaalikwa yeye. Damu ilinichemka, na hapo ndipo nilipofanya uamuzi wangu mdogo.

Mnajua huku kwetu gari likiharibika njiani dereva anakata matawi anayalaza barabarani, na kila mwenye usukani akiyaona anajua mbele kuna jambo, anapunguza. Nikasema na mimi nilaze machache tu, magari yafunge breki kwa kishindo, wakubwa wasikie kwa masikio yao kwamba kona hii ni mbaya. Nikaingia migombani nyuma ya kibanda, nikafyeka majani manne, nikayalaza. Sasa mwenye akili huyalaza mbali, dereva aone mapema. Mimi nikayalaza palepale kona inapoishia, ili breki zilie karibu na afande. Na majani ya mgomba yakilowa ni sabuni, jambo ambalo kila aliyezaliwa Rungwe analijua, na mimi nimezaliwa Rungwe.

Mwanzoni mambo yalinyooka. Wageni wanashuka tu garini, Noah inatokea juu, inafunga breki kiii, inasimama kando. Nikajikohoza kidogo. Ikafuata Kosta, nayo breki, konda akaruka chini, "Mama, kuna nini mbele, gari limekufa?" Abiria wakashuka kuangalia, waliokuwa mashambani wakaona watu wamesimama nao wakaja, wa kijiweni wakaja, na kwa jinsi maneno yanavyotembea huku kwetu, mara simu zinapigwa kwamba kuna ajali kona ya juu. Nikawa nimezungukwa na nusu ya kijiji kabla afande hajaniomba daftari.

Akalifungua. Nilidhani atasoma kimoyomoyo, kumbe ana desturi ya kusoma kwa sauti ili mafundi waandike.

"Kuku, baiskeli," akasoma. Akageuza macho kwangu. "Huyu kuku alipelekwa hospitali gani, mama?"

Watu wakaanza kucheka. Akaendelea, alipofika kwenye "viazi vimeumia" fundi mmoja akageukia pembeni, mabega yanatikisika, na kwenye mimi kuteleza na ndoo hata mwenyekiti alishindwa kujizuia. Mama Lusajo tu ndiye hakucheka, alikuwa anayaangalia yale majani.

Nikatamani gari lolote lije, watu waache kuniangalia. Likaja. Bodaboda ilitokea juu inakimbia, ikazunguka kona, ikakutana na majani uso kwa uso, dereva akashika breki, tairi likapanda jani bichi na pikipiki ikalala. Dereva akabaki katikati ya lami mguu umebanwa chini ya pikipiki, abiria akaruka mpaka mtaroni. Abiria akainuka, matope kuanzia kichwani, mkono mmoja ameukumbatia. Alikuwa Baba Bupe. Alipigiwa simu akiwa shamba la juu kwamba kuna ajali kwenye kona ya mke wake, akapanda boda ya kwanza aliyoiona kuja kunitafuta.

"Mama Bupe, u mzima?" Ndiye anayeniuliza mimi.

Kabla sijamjibu tukasikia lori. Linashuka, limeshiba mzigo, injini inanguruma nyuma ya kona, na dereva wake hawezi kuona kwamba mbele kuna mtu amebanwa chini. Watu wote tuliganda. Mimi miguu yangu mizima miwili ilikataa kabisa kuondoka pale ilipokuwa. Aliyekimbia alikuwa Mama Lusajo, kwa mguu wake ule, anachechemea na kukimbia, anakimbia na kuchechemea, ameivua kanga anaipunga juu ya kichwa, akaipita kona akapotelea upande wa lori. Tukasikia breki ndefu, ndefu kuliko nilizokuwa nazitamani. Kisha kimya. Lori lilitokeza pua polepole, likasimama, harufu ya breki ikajaa kona nzima, na wanaume ndipo wakapata nguvu za kuinyanyua pikipiki, dereva akatoka na michubuko tu.

Afande akaangalia huku na huku. "Gari lililoharibika liko wapi?" Hakuna gari. "Majani haya kalaza nani?"

Mikono yangu ilikuwa imejaa utomvu wa mgomba, na utomvu hautoki kwa kufuta kwenye kanga, nilishajaribu. Nikasema, "Mimi."

Afadhali angenipiga pingu. Akanirudishia daftari. "Andika, mama. Hii ni ajali yako ya kwanza."

Nikaandika kona ya juu, bodaboda, majeruhi Baba Bupe, mkono. Akasema, "Chanzo?" Nikaandika majani. Akasema, "Yaliwekwa na nani?" na mbele ya watu wote wale nikaandika jina langu, langu na la baba na la babu, kalamu inateleza kwa utomvu. Akachana ule ukurasa akautia kwenye faili lake, akaniambia kuweka kizuizi barabarani ni kosa na kwamba siku nyingine tutaongelea kituoni, kisha akaniamuru niyatoe majani mwenyewe, moja moja, magari yakingoja.

Mama Lusajo alikuwa amekaa ukingoni mwa barabara ameushika mguu. Nikamwendea. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa, tena nilitaka anitukane.

"Mama Bupe," akasema, "yale matuta mimi sikuyaomba. Kila gari likishuka bado nafumba macho. Kama ulitaka kuuza ungeniambia, pale kwangu mabeseni mawili yanaenea."

Nikamwambia ndaga, asante, hilo tu, kwa Kinyakyusa, maana Kiswahili kilinikauka.

Baba Bupe alifunga mkono mwezi mzima, na kila akishindwa kukata tonge la ugali ananitazama. Mimi nilishuka na beseni langu. Nauza pale chini mpaka leo, na niwaambie ukweli, gari likipunguza na dirisha likishuka bado wanaanza kumwita yeye, hata nikiwa mimi ndiye niko karibu, na wivu bado unanipanda. Ila nikisikia gari linashuka kwa kasi, siku hizi namtazama kwanza yeye amesimama wapi.

Mwisho wa mwaka afande akabandika karatasi yake. Kwa Mama Lusajo mstari umeshuka tena. Kwenye kona ya juu, ule mstari uliolala miaka miwili ulikuwa umeinuka kidogo. Hakutaja jina la mtu, na hakukuwa na haja, mkutano mzima uligeuka kuniangalia, hata Baba Bupe aligeuka, kasoro Mama Lusajo niliyekaa naye benchi moja, yeye alibaki anaangalia mbele.

"Kona ya juu sasa ina ajali," afande akasema. "Kwa hiyo mnayo haki ya kuomba matuta. Nani anaomba?"

Nilikuwa nimeikalia mikono yangu, yote miwili, na sikuitoa mpaka mkutano ukafungwa.