Nilimcheka Mteja Wangu, Mama Yangu Akaacha Kunywa Maji

Mimi ndiye niliyekosa. Sikuponzwa na mtu, sikusukumwa na shetani, wala sikuwa mdogo wa akili. Kwa hivyo usinihurumie. Ukinihurumia nitakudharau, kama ninavyojidharau mwenyewe kila nikijiangalia kwenye kile kioo cha wateja.

Mimi ni fundi wa nguo hapa Rongo. Nina kibanda karibu na soko, cherehani mbili, na mdomo. Mdomo ndio ulioleta wateja, si mkono! Kuna mafundi wanaoshona vizuri kuliko mimi, lakini kwao hakuna kicheko.

Mwanamke akija kupimwa anavua sweta, anainua mikono, nami nazungusha tepu kifuani, kiunoni, kwenye nyonga. Kuna vitu fundi anaviona ambavyo hata mume havioni. Nani amejaza vitambaa kwenye sidiria. Nani tumbo lake limelegea baada ya mapacha. Nani ana alama za kipigo mgongoni. Akiondoka tu, kabla hajavuka barabara, nimeshaanza.

"Mmemwona huyo? Ati anataka nguo ya kubana! Itabana nini, gunia?"

Wanawake wenzangu wanaoshinda kwenye benchi la kibanda changu wanacheka mpaka wanashikana. Hata yule wa alama za mgongo nilimcheka. Nilisema lazima alichoma ugali. Mungu wangu! Nilisema hivyo, na watu wazima wakacheka.

Sasa sikiliza nilichofanya.

Kanisani kwetu kwaya ya akina mama ilikuwa inajiandaa kwa makambi, ule mkutano wetu mkubwa wa kila mwaka, nikapewa kazi ya kushona sare. Walikuja mmoja mmoja kupimwa. Mwaka huo kulikuwa na mama mmoja mpole, nitamwita Mama Beryl, anauza mboga upande wa stendi. Sauti yake ilikuwa nzuri kuliko zote, na hilo peke yake lilikuwa linaniwasha.

Nilipomzungushia tepu nyongani, mkono wangu uligusa kitu kinene, kama taulo lililokunjwa. Nikasimama. Akanishika mkono.

"Fundi, nakuomba unisitiri," akasema polepole. "Nilizaa vibaya, nilikaa siku mbili nyumbani na uchungu. Tangu siku hiyo mkojo hainiskizi. Inatoka tu. Niwekee bitana mbili kwa hiyo sketi, nisiaibike huko mbele."

"Usijali, mama," nikamwambia. "Hiyo imeisha hapa hapa."

Imeisha hapa hapa! Alipotoka hata sikungoja kuandika vipimo vyake. Niliwageukia wenzangu nikawaambia yote, na nikampa jina kabisa. Nikamwita Mfereji.

Kufikia Jumatano jina lilikuwa limezunguka soko lote. Wanawake walianza kuvuta viti vyao mbali naye. Kiongozi wa kwaya akampeleka safu ya nyuma, akisema ni mambo ya sauti. Vijana wa boda walianza kumuuliza mumewe kama nyumbani kwake maji hupotea. Makambi yalipofika, Mama Beryl hakuwepo. Wiki chache baadaye meza yake ya mboga ilikuwa na mtu mwingine. Nikasikia mumewe amemrudisha kwao.

Unajua nilisema nini? Nilisema, "Afadhali, hewa itakuwa safi." Sare yake nikaipunguza, nikamuuzia mwingine.

Mama yangu mzazi anaishi Kosele, kwenye boma letu, pamoja na ndugu yangu na mkewe Akinyi. Baba alishafariki. Mama ana miaka zaidi ya sabini, mtu wa shamba, mtu wa kanisa, asiyependa kulalamika. Sabato moja, baada ya ibada, tulikusanyika kwake tukala. Na mimi, kama kawaida, nikaona nyumba imenyamaza sana.

Nikasimulia habari za Mfereji. Sikusimulia tu, niliinuka nikaigiza anavyotembea, miguu imebanwa, mkono nyuma. Akinyi alicheka. Ndugu yangu aliniambia niache, huku naye anacheka. Nikamalizia, "Mwanamke wa hivyo angekaa kwake! Kwa nini atuletee harufu mbele ya watu?"

Mama alikuwa anagawa samaki. Aliweka bakuli chini, akaenda jikoni. Nikadhani amefuata chumvi. Hakurudi mezani, wala sikuuliza.

Baada ya siku hiyo alibadilika. Siku za soko alikuwa na kawaida ya kuja Rongo, anakaa kibandani kwangu, anakunywa chai, anarudi. Akaacha. Nikipiga simu ananiambia mguu unauma. Kanisa lenyewe akawa anaenda na kutoka kabla ya mahubiri kuisha.

Binti yangu alifuzu chuo huko Kisumu. Mtoto huyo alilelewa na mama yangu mpaka darasa la nne, na karamu yote ilikuwa ni ya huyo nyanya. Nikakodi gari. Asubuhi ya safari mama akakataa kutoka nyumbani.

"Ni mbali, nyathina," alisema. Ndivyo anavyoniita, mtoto wangu.

"Mbali gani? Utakaa tu kwa kiti!"

"Mguu."

"Mama, huo mguu wako una akili sana. Unauma tu wakati wa sherehe za watu!" Nilimwambia hivyo, mbele ya mjukuu wake aliyevaa joho. "Kaa basi. Ubaki na kiburi chako."

Akatuaga kwa mkono, amesimama mlangoni. Njia nzima nilimsema.

Miezi ikapita. Siku moja nikiwa nakata kitambaa Akinyi akapiga simu, analia. Mama ameanguka shambani, anatetemeka, anaongea maneno hayaeleweki. Walimkimbiza hospitali Homa Bay. Nilifika nikamkuta kwenye kitanda, mdogo kama mtoto, midomo imepasuka kwa ukavu.

Muuguzi aliyekuwa zamu alituuliza, "Huyu mama anakunywa maji kiasi gani?"

Mimi nikajibu kwa haraka, "Anakunywa vizuri tu."

Akinyi akaniangalia. "Wewe unajuaje?" akasema. "Anakunywa kikombe kimoja kwa siku. Akijua kuna wageni, hanywi kabisa. Nimemwomba mpaka nimechoka."

Tukaambiwa figo zimepata maambukizi, mwili umekauka. Akatundikiwa maji na dawa. Siku ya tatu fahamu zikamrudi vizuri, na yule muuguzi akaja kumhoji zaidi. Nikavuta kiti nikae. Mama akamshika muuguzi mkono.

"Huyu ni binti yangu," akasema. "Lakini atoke kwanza."

"Mama, ni mimi!" nikasema.

"Najua ni wewe. Toka."

Akinyi alibaki. Mke wa ndugu yangu, aliyeolewa tu kwetu, alibaki ndani, na mimi niliyetoka tumboni mwake nikasimama kwenye korido na mkoba wangu!

Nilipomwona Akinyi anatoka anajifuta macho nilimshika bega. Sikumwachilia mpaka aniambie. Alisema kizazi cha mama kimeshuka. Kilianza kushuka baada ya kumzaa kitinda mimba wetu, na kila mwaka kinateremka zaidi, na mkojo unamtoroka akikohoa, akicheka, akiinama. Zile sketi nyeusi pana alizokuwa anaagiza nimshonee, na kuniambia nikisie tu vipimo, kumbe alikuwa anajificha kwangu mimi fundi! Miaka yote alikuwa anavumilia. Lakini zamani alikuwa anakunywa maji, anasafiri, anabadilisha vitambaa vyake kimya kimya.

"Sista alimuuliza kwa nini hakumwambia binti yake," Akinyi akasema. "Akajibu, 'Alishatuambia anavyowaona watu kama mimi. Alituambia tukila.'"

Nilikaa chini kwenye sakafu ya hospitali. Watu walinipita.

Akinyi akaongeza, "Na mimi nilicheka siku hiyo. Nimemwomba msamaha leo. Wewe utajua lako."

Alipopata nafuu, mama alipelekwa kwenye kliniki ya akina mama, chumba kimoja mwishoni mwa jengo. Huko muuguzi alimuuliza mambo mengi. Anakula nini. Analala saa ngapi. Anabeba nini. Anapika wapi. Anaongea na nani akiwa na huzuni. Akinyi aliponisimulia, nilikunja mdomo. Ndiyo, hata hapo! Nikasema, kizazi kimeshuka, usingizi unahusu nini? Mtu wa dharau haponi kwa siku moja.

Kesho yake muuguzi akaniita. "Mama amekubali nikwambie yanayohusu nyumbani tu," alisema. "Mengine ni yake." Kisha akanieleza kwa upole ambao sikuustahili. Mama alikuwa anabeba mtungi wa lita ishirini kutoka kisimani kila asubuhi. Alikuwa na kikohozi cha moshi wa kuni. Kwa kutokunywa maji choo kilikuwa kigumu, anajikaza. Yote hayo yanasukuma kizazi chini. Halafu hofu inamnyima usingizi, na upweke unamnyima hamu ya kula.

"Tumemwekea pete laini ya kukishikilia, na tumemfundisha mazoezi ya kukaza misuli ya huko chini," akasema. "Lakini akirudi kubeba mtungi, kukohoa moshi, na kujificha kwa watu wake, tutakuwa tumetibu nusu mtu. Nyinyi mtatibu ile nusu nyingine?"

Nikasema ndiyo. Nilitaka kufanya kitu, chochote. Siku ya kliniki iliyofuata nikajitolea mimi kumpeleka mama, nikamshika mkono mpaka mlangoni. Ndani kulikuwa na wanawake kama kumi wamekaa kwenye mzunguko, na aliyekuwa anawakaribisha alikuwa Mama Beryl.

Alikuwa amenenepa kidogo. Amevaa gauni jeupe! Baadaye Akinyi aliniambia kwamba ugonjwa wake ulikuwa fistula, tundu lililobaki baada ya ule uchungu wa siku mbili. Alifanyiwa upasuaji akapona, na sasa anawasaidia wanawake wanaokuja wakiwa na aibu kama aliyokuwa nayo. Ndiye aliyemshawishi mama yangu aanze tena kunywa maji. Na alijua ni mama ya nani.

Nikafungua mdomo. "Mama Beryl, mimi..."

"Fundi," akanikata, bila kupandisha sauti. "Mama yako aingie. Wewe kaa nje."

"Nataka kukuomba..."

"Sikuchukii. Sina nafasi hiyo. Lakini hapa wanawake wanaongea ya miili yao, na wewe ukiwepo hawataongea. Kaa nje."

Akamshika mama mkono, akafunga mlango. Hakuubamiza. Aliufunga tu, kama unavyomfungia mbuzi asiingie jikoni. Alinipa kiasi cha dharau nilichostahili, hakuzidisha.

Nilirudi kibandani. Nikaacha yale maneno. Na wale wenzangu wa benchi? Walikuja, wakangoja kicheko, wakakosa. "Siku hizi umekuwa mtakatifu," wakaniambia, wakahamia kwa fundi mwingine. Waende! Mimi nimewapima wote. Aliyecheka kwa sauti kubwa zaidi siku ile ya Mfereji, mkono wangu umegusa kitambaa chake pia. Yule aliyevuta kiti kanisani, anacho. Walikuwa wanamcheka mwenzao huku wamebana miguu! Sitawataja. Hiyo ni heshima ya kwanza niliyowahi kuwapa, na wala hawajui.

Mama sasa yuko vizuri. Ndugu yangu amevuta maji mpaka uani, Akinyi anampikia kwenye jiko lenye bomba la moshi, na safari hii ameshafika hata Kisumu kumtembelea mjukuu. Akiumwa, anamwambia Akinyi. Akikosa usingizi, anampigia Mama Beryl. Mimi nikipiga simu ananiambia, "Niko salama," kisha anauliza habari za mvua.

Mwezi uliopita nilikwenda Kosele peke yangu. Nikamkuta anachambua mboga. Nikapiga magoti, nikamwambia yote, hata ile ya kuigiza, hata ile ya mguu wenye akili. Nikamwomba anisamehe.

Akaniangalia kwa upendo, na hiyo ndiyo iliyoniua.

"Nyathina, nilikusamehe siku ile ile, hata kabla samaki hawajapoa," akasema. "Ila ya mwili wangu sitakuambia."

Kisha akaendelea na mboga zake.

Wewe unayesoma, mwanamke akikwambia siri ya mwili wake, funga mdomo. Usimpe jina, usimwigize, usitafute kicheko kwake. Hujui nani anayegawa chakula huku anakusikiliza. Huenda ni mama yako, huenda ni binti yako wa miaka kumi na mitano, na siku akiumwa atatafuta mtu wa kumwambia. Atakupita hapo ulipokaa, aende kwa jirani.

Na kama ulikuwa unasoma huku ukicheka lile jina nililompa Mama Beryl, basi wewe ni mimi, na sina la kukusaidia.