Kiti cha Mama Mwenye Mtoto

Kwetu Muyinga, mama mwenye mtoto mchanga hakai nyuma ya gari. Hata kama umemtangulia kufika, unashuka na kumpisha, la sivyo utasemwa mpaka uchoke. Mimi natapika safarini na kiti cha mbele ndiyo dawa yangu, kwa hiyo siku ile nilihamia nyuma nimenuna.

Tulikuwa tunampeleka mtoto wa dada yangu Gitega, kwa wazazi wa mumewe ambao walikuwa hawajamwona. Dada alikaa miaka mingi kwenye ndoa bila kushika mimba, na maneno ya wakwe aliyameza kimya. Sasa alikuwa na mvulana mwenye meno mawili, na alitaka kumweka mwenyewe mapajani mwa mama mkwe.

Mjomba wetu, muuza vitambaa, ndiye aliyeendesha. Gari lake lilikuwa limetoka bandarini Dar es Salaam karibuni, na sifa zake tulishazisikia zote.

"We kaa mbele na mutoto," alimwambia dada. "Kule iko mufuko ya hewa. Kule ndiyo salama."

Dada akafunga mkanda, kisha akampakata mtoto kifuani, juu ya mkanda.

Mjomba hakukimbiza gari. Nasema hivyo kwa sababu watu walimsema sana. Tulipopita Karusi lori la mbele lilisimama ghafla. Akakanyaga breki, lakini tukaligonga kwa nyuma. Taa zilivunjika, boneti ikakunjika, basi. Nilisikia mlipuko, nikaona kitu cheupe kimejaa mbele ya dada, halafu kikanywea. Dada alikuwa mzima. Mtoto alikuwa hasogei.

Hospitalini Gitega daktari alitueleza bila kuzunguka. Mkanda unamzuia mtu mzima asirushwe, na mfuko unafumuka kwa nguvu, haraka kuliko kupepesa jicho, ili umpokee kichwa na kifua anapoinama mbele. Mtoto aliyepakatwa anakuwa katikati, na hakuna mama mwenye mikono ya kumshika wakati huo. Angekuwa nyuma, amefungwa kwenye kiti cha watoto, huenda angepona. Nilikasirika, na nisijue nimkasirikie nani. Mjomba alikuwa amekaa sakafuni, kofia mkononi, analia kwa sauti.

Wakwe walimwona mjukuu wao ndani ya sanda. Alizikwa alasiri ileile. Jioni, nyumbani kwao, dada alivua blauzi nimpake mafuta. Begani alikuwa na mstari mwekundu wa mkanda. Kwingine kote hakuwa na hata mchubuko.

"Ule mufuko," akaniuliza, "walimuwekea nani?"

Alikuwa ameshamsikia daktari. Alitaka nimjibu mimi. Niliendelea kumpaka mafuta, kwa sababu jibu lilikuwa ni yeye.