Turubai la Jumuiya

Ufunguo wa stoo ya jumuiya yetu ya Kikatoliki hapa Ntalikwa anao Pelagia. Stoo yenyewe ni chumba kimoja nyuma ya nyumba yake. Humo mna sufuria kubwa za msibani, mwiko mrefu kama mpini wa jembe, na turubai la bluu lenye viraka. Mtu akifiwa, majirani huuliza kwanza kama Pelagia ametoa turubai. Likitoka, jumuiya inakuja na sala zake, kuni zake, wanakwaya wake na vijana wa kuchimba kaburi. Lisipotoka, mfiwa ajue yuko peke yake.

Pelagia ni mwenyekiti wa jumuiya tangu mimi nikiwa shule ya msingi. Ni mjane asiye na mtoto, mrefu, mkulima wa karanga, na husali kabla jogoo hajawika. Sitaki kumfanya shetani. Aliipenda imani yake kwa moyo wote, na aliamini kwamba akilegeza kidogo tu, sote tutapotea. Kwa imani hiyo alimpoteza mdogo wake.

Mdogo wake aliitwa Magreth. Alikwenda kuishi mjini na Omari, fundi cherehani wa mtaa wa Gongoni, ambaye mababu zake walifika Tabora na misafara ya zamani wakabaki. Hawakufunga ndoa kanisani. Omari hakumlazimisha abadili dini, na Magreth hakubadili. Rozari yake ilining'inia ukutani, juu ya cherehani ya mumewe. Pelagia alisimama katika sala ya jumuiya akatamka neno ambalo watu walilishika kama sheria: "Aliyejitoa mwenyewe, jumuiya haimfuati."

Miaka ikapita, Magreth akaugua figo, akafa. Omari alikuja Ntalikwa kwa baiskeli, mvua ikimnyeshea.

"Shemeji, mdogo wako ametutoka. Ameacha neno kwamba azikwe kwa sala zenu."

"Alikuwa jumuiya gani?" akauliza Pelagia.

"Shemeji, ni Magreth."

"Nimekuuliza, jumuiya gani?"

Omari alifuta maji usoni. "Basi nipatie turubai tu. Watu wananyeshewa."

"Turubai ni la wanajumuiya."

Haya wameniambia waliokuwa wamejikinga mvua barazani siku ile. Walisikia, na hakuna aliyefungua mdomo. Hilo ndilo linalonichoma hadi leo. Tumesoma Injili miaka yote hiyo, Bwana wetu akila na kila mtu aliyekataliwa, halafu tukashindwa kusogeza turubai moja!

Makaburi ya Waislamu hayakuwa mahali pake, maana alikufa Mkristo. Makaburi ya Wakristo tulimfungia sisi. Omari akamzika katika shamba lake la Kwihara, kando ya njia ya zamani ya misafara. Kaburi lilichimbwa na marafiki zake wa msikitini. Mabruki, seremala jirani yake, ndiye aliyechonga msalaba, wa kwanza maishani mwake, na alimwuliza Omari mara mbili mbao ipi iwe ndefu. Binti yao wa pekee, Najiat, wakati huo mwanafunzi wa darasa la sita, alisimama amejifunika kanga iliyolowa. Pelagia hakwenda.

Mwaka juzi Omari naye alifariki, akazikwa mjini, katika makaburi ya Waislamu, mbali na mkewe. Habari hiyo ilimvunja Pelagia. Alianza kukaa peke yake kanisani baada ya misa. Mwishowe aliungama. Padre alimwondolea dhambi yake, na alitoka akilia kwa furaha. Furaha hiyo haikufika hata Jumapili iliyofuata. Mungu alikuwa amesamehe, lakini Magreth alikuwa bado amelala shambani bila sala hata moja ya watu wake.

Ndipo akaazimia kwamba Siku ya Marehemu, jumuiya nzima iende Kwihara ikamsalie. Paroko alikubali. Kilichobaki ni kumwomba Najiat, na aliniomba mimi, mwalimu wa shule ya hapa, nimpeleke kwa pikipiki.

Tulimkuta Kwihara, anakoishi sasa karibu na shamba la baba yake, kibarazani akishona kwa cherehani ya marehemu. Hakusimama.

"Shikamoo, mwenyekiti."

Kwa desturi yetu, dada wa mama ni mama mkubwa. "Marahaba, mwanangu. Mimi ni mama yako mkubwa."

"Nakujua. Ni mwenyekiti wa Ntalikwa." Akamgeukia mama wa jirani aliyekuwa akichambua mchele mkekani. "Mama Zabibu, mwone huyu. Ndiye mwenye turubai."

"Ala!" akasema Mama Zabibu akimkagua juu hadi chini. "Nilidhani ni mtu mnene."

Pelagia alipiga magoti kwenye mchanga. Mwanamke yule ambaye wazee wetu humwogopa! Akaomba kuja na jumuiya yote, sala na nyimbo, na turubai.

Najiat alisimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja. "Baba alikufa akisema, natamani siku moja watu wa mama yako waje wamwombee. Njooni, basi. Ni kwa ajili ya baba, si kwako." Kisha akauliza, "Mtakuwa watu wangapi? Nipike."

"Wote," alisema Pelagia. "Jumuiya yote."

Wiki ile ile alilitoa jambo hilo kwenye sala ya jumuiya. Alisema kila kitu bila kujificha, baiskeli, mvua, turubai. Alipomaliza, Bertila, mama mwenye kibanda cha nyanya, akasimama.

"Mwenyekiti, mwanangu Valentino ulimkumbuka pia ulipokuwa unaungama?"

Valentino alikuwa ameacha kusali kwa sababu ya pombe, na alipokufa turubai halikutoka.

"Nilimzika juani," Bertila aliendelea. "Ukaniambia aliyejitoa mwenyewe, jumuiya haimfuati. Nikakubali, kwa sababu nilidhani ni neno la Mungu. Leo marehemu ni wa kwenu, na neno limebadilika?"

"Nimekosa, Bertila. Na kwako nimekosa."

"Nimesikia," akasema Bertila, akaketi.

Nilisimama nikasema mengi, kwa sauti kubwa kuliko ilivyofaa. Niliwaambia kwamba tukikataa tutakuwa tunamwadhibu Magreth mara ya pili. Mzee Raymundi, katekista wetu, akanishika mkono. "Kaa, mwalimu. Chuo hakikukufundisha kupumua?" Watu wakacheka kidogo. Kisha wakasema mmoja mmoja, "Tumesikia, mwenyekiti."

Pelagia alirudi nyumbani akiwa mwepesi. Kila mtu hapa anajua kwamba "tumesikia" si "tutakuja". Hata yeye alijua. Lakini alikuwa na hamu kubwa mno, akalichukua kuwa ndiyo.

Siku ya Marehemu nilifunga turubai nyuma ya pikipiki, Pelagia akapanda bodaboda. Wengine, tuliambiwa, wangefuata kwa gari dogo la mizigo.

Najiat alikuwa amefagia njia yote hadi kaburini. Alikuwa ameazima viti vya plastiki nyumba hadi nyumba, akavipanga kwa safu. Pilau ilikuwa jikoni, chai ya tangawizi kwenye chupa kubwa. Mama Zabibu na wanawake wengine wa Kiislamu wa mtaa ule walikuwa wameshaketi mkekani, wamejitanda vizuri kama watu waliokuja msibani. Mabruki, mzee sasa, alikuwa amepaka msalaba rangi nyeupe mpya.

Tulitandaza turubai, tukalifunga kwenye nguzo. Kivuli cha bluu kilianguka juu ya kaburi na juu ya viti vitupu.

Tukangoja. Nilimpigia mzee Raymundi simu, ikaita hadi ikakata. Nikampigia Levina, mweka hazina. "Kijana wangu, mimi nilikuwa tayari," akanong'ona. "Ila Bertila amekaa mlangoni pa kanisa analia, na wote wamekaa naye. Nitampitaje?"

Nilimweleza Pelagia. Alikaa kitako kwenye kiti cha mbele, mikono mapajani.

Najiat alitoka jikoni, akatazama njia. "Wako wapi?"

Pelagia naye alitazama njia.

"Wako wapi, mwenyekiti? Nimewapikia."

"Nimekuja mimi," Pelagia alisema. Sauti ilikuwa ya mtoto.

Akasimama kaburini, akafungua kitabu cha sala, lakini machozi hayakumruhusu kusoma. Akaanza yale anayoyajua kwa moyo. "Raha ya milele umpe, ee Bwana."

Nilifungua mdomo kuitikia, nikatanguliwa.

"Na mwanga wa milele umwangazie," alisema Najiat.

Pelagia aligeuka. "Nani alikufundisha?"

"Baba. Aliyatoa kwenye kitabu cha mama, akayakariri. Kila tulipokuja kupalilia alisema maneno ya kwanza, mimi naitikia. Alisema tukinyamaza hakuna mwingine wa kuyasema." Akaangalia chini. "Alikuwa anaogopa kwamba anakosea."

Pelagia alianguka juu ya kaburi, akalia kilio cha msiba, kile alichokizuia siku ya mvua. Mama Zabibu ndiye aliyemwinua na kumfuta mchanga usoni.

Pilau iligawiwa kwa majirani. Viti vikarudi vilikotoka. Likabaki turubai, na turubai halikunjwi na mtu mmoja. Nilikwenda kushika ncha, lakini Najiat akafika kabla yangu. Walilinyoosha wawili wao, wakalikunja, wakasogeleana, wakalikunja tena, wakasogeleana, hadi mikono ya Pelagia ikagusa ya binti wa mdogo wake. Pelagia akaishikilia.

Najiat aliiacha ibaki pale kwa muda mfupi. Kisha akaiondoa taratibu, akamwachia turubai lote kifuani.

"Safari njema, mwenyekiti," alisema, akaingia ndani.