Bukari Ndani ya Rejeta

Harufu ninayoikumbuka kuliko zote za utotoni ni ya unga wa mahindi ulioungulia kwenye chuma. Sisemi sufuria. Sufuria ikiungua unaisugua kwa mchanga na mambo yanakwisha. Nasema chuma cha injini, chenye oili na kutu, kilichochemsha unga mwendo mzima wa asubuhi. Wasomaji wengi hawajawahi kuinusa, na nawapongeza. Mimi niliinusa nikiwa na miaka kumi na mmoja, kando ya barabara ya kwenda Mokambo, na tangu siku hiyo nakula bukari, huo ugali wetu wa Lubumbashi, kama mtu anayetimiza wajibu wa kiraia.

Baba alikuwa dereva wa mhandisi mmoja wa migodi. Kazi zilipokufa, mhandisi alipanda ndege na kumwachia Baba funguo za gari lake la porini, kubwa, la kijani, ambalo tayari lilikuwa limezeeka. Gari hilo halikuwa na springi kama magari ya watu wengine. Lilikalia mifuko minne ya mpira iliyojaa hewa, mmoja kwa kila gurudumu, na mashine ndogo ya umeme ndiyo iliyoijaza. Ni gari lililobuniwa na watu wasiowahi kufikiri kwamba karakana inaweza kufungwa siku moja na isifunguliwe tena. Mashine ilipoungua, Baba alikata mirija yake na kufunga valvu za tairi kuukuu kwenye kila mfuko, nasi tukawa tunaijaza kwa pampu ya baiskeli. Hewa ilivuja usiku kucha. Kila asubuhi tulilikuta gari limelala kifudifudi uani, kuku wakilizunguka bila heshima.

Kaka yangu Désiré ndiye aliyepampu. Alikuwa na miaka kumi na tisa na mabega ya mtu aliyekula vizuri, ambayo sijui aliyapata wapi. Alianza na mifuko ya nyuma, kwa hiyo gari liliinuka makalio kwanza, kama ng'ombe. Mimi nilikaa juu ya boneti nikihesabu kwa sauti, naye kila baada ya mipigo mia alisimama, akafuta jasho, akaniinamia kama mhudumu wa hoteli anayemuuliza bibie kama yu sawa: "Mademoiselle iko bien? Tupandishe tena kidogo?" Jirani yetu, Papa Kambale, dereva wa malori kutoka Butembo ambaye vita vilimkwamisha huku kwetu, alipita kila siku na mswaki mdomoni. "Papa Désiré, ngombe yako iliamuka?" Baba alijibu bila kuinua kichwa: "Iko inavaa viatu." Walifanya mzaha huohuo miezi mingi, na kila asubuhi walicheka kana kwamba ni mpya. Siku hizi mimi hulipwa kuzungumza mbele ya watu, na sijawahi kupata mzaha mmoja unaodumu hivyo.

Kisha wanajeshi wakaanza kukusanya vijana wa kupeleka vitani. Waliwangojea kwenye viwanja vya mpira na milango ya makanisa, wakawapakia malorini, na mama zao wakabaki wameshika viatu. Baba aliamua kumvusha Désiré hadi Zambia, kwa dada yake Mama, kupitia mpaka wa Mokambo. Malori yalipekuliwa gunia kwa gunia. Gari la mhandisi, kinyume chake, lilipigiwa saluti. Likija na mwili wake wote juu, askari wa kizuizini walidhani ndani kuna mkubwa na wakainua kamba kabla hujasimama. Ila lilipaswa kusimama wima, kwani hakuna anayelipigia saluti gari linaloburuza tumbo. Basi Baba alishughulikia mifuko ile wiki nzima: alibandika viraka vya mipira ya baiskeli, akapaka sabuni kutafuta mapovu, akabandika tena. Siku ya sita lilikesha limesimama. Mama alitoka nje asubuhi, akalitazama, akapiga ishara ya msalaba.

Ilibaki rejeta. Ilikuwa na ufa chini, mwembamba kama unywele, na maji yalidondoka. Hakukuwa na wa kuichomelea, na gundi za dukani zilishasahaulika. Papa Kambale akasema kwamba huko kwao milimani dereva hutia konzi moja ya unga kwenye maji; unga hukimbilia ufa na kuuziba. "Lakini konzi moja, Papa Désiré. Ile ni dawa, haiko chakula." Mama alileta bakuli. Lilikuwa na unga wa kutulisha siku mbili, na wote tulijua. Baba alichota konzi yake, akaikoroga kwenye kikombe, akamimina, akawasha injini kidogo, akazima. Kisha akaweka kikopo cha maziwa chini ya rejeta na kunikabidhi kazi. "Wewe utaangalia kikopo. Kikikaa kikavu mpaka jua lishuke, kesho tunaenda. Kikiloa, hatuendi."

Nilikiangalia kikopo kile kama watu wengine wanavyomwangalia mgonjwa. Kwanza lilianguka tone moja. Baada ya muda mrefu, lingine. Baba alikuwa amekwenda kutafuta mafuta ya gari, Mama alikuwa kanisani, na Désiré alikuwa amefichwa chumbani akikunja shati lake lilelile kwa mara ya nne. Nilifikiri kama wanavyofikiri watu wenye njaa: kama kidogo kinafaa, kingi kinafaa zaidi. Nilichukua bakuli, nikafungua kifuniko cha rejeta kama nilivyomwona Baba akifanya, nikatia konzi ya pili, na ya tatu, kisha nikakung'uta uliobaki. Nikakausha kikopo kwa sketi yangu. Jua liliposhuka kilikuwa kikavu. Baba alikigeuza juu chini, akakipigapiga kiganjani, akaniambia, "Asante, mama." Sijawahi kupewa asante nzito kama ile.

Tuliondoka alfajiri, Baba, Désiré na mimi, kwa sababu mtoto wa kike ndani ya gari hufanya safari ionekane ya kifamilia. Kizuizi cha kwanza walitupigia saluti. Cha pili vilevile, na Désiré kiti cha nyuma akaipokea kwa kidole kimoja, kama waziri, hadi Baba akamwambia, "Acha ujinga." Hayo ndiyo maneno ya mwisho Baba aliyomwambia akiwa bado wake. Kisha mshale wa joto ukaanza kupanda. Baba alizima redio, kana kwamba redio ndiyo iliyokuwa na homa. Mshale ukafika mwisho, mvuke ukatoka, na gari likafa katikati ya msitu, wima kabisa, likipendeza.

Lori la wanajeshi lilitukuta boneti ikiwa wazi. Waliteremka kwa furaha, vijana tu, wakitaka kusaidia. Mmoja alifungua kifuniko cha rejeta kwa kitambaa, na kitu cheupe, kizito, kikasukumwa nje polepole na kuangukia bampa. Akakinusa. "Muzee, ulipika bukari mu moteri!" Wenzake wakaja kuona. "Inabakia sombe tu!" mwingine akasema, akidai kisamvu cha kulia, nao wakacheka hadi wakashikana mabega. Wakiwa bado wanacheka, yule wa kwanza akamtazama Désiré, akamtazama mabega. "Huyu eko na nguvu. Akuye atusukumie lori yetu, haina démarreur." Lori lao halikuhitaji stata wala kusukumwa; lilikuwa likinguruma pale pale barabarani. Baba aliongea, akapiga magoti, akawaonyesha mimi. Désiré alipanda mwenyewe ili magoti yale yaishe.

Tulirudi kwa miguu na kwa baiskeli za wauza makaa. Mama alituona wawili, hakuuliza alipo wa tatu. Aliuliza kilichotokea. Nilikuwa mlangoni. Baba alikuwa amechota ile konzi kwa mkono wake mwenyewe. Alijua ni kiasi gani, na bakuli tupu lilikuwa mezani mbele yake. "Nilizidisha unga," alisema. Hakunitazama, siku ile wala nyingine yoyote, kwa namna ya mtu anayejua. Mama hakumsamehe. Waliishi chini ya paa moja miaka mingine kumi na minane, na Baba alizikwa na kosa langu. Désiré hakurudi, wala habari zake.

Leo nafundisha chuo kikuu. Tasnifu yangu ilihusu ubunifu wa raia wakati wa dhiki, kurasa mia tatu za sifa kwa watu wanaojitengenezea kila kitu, na humo hamna bakuli hata moja la unga. Kwenye makongamano wageni hupiga makofi: Wakongo bwana, hawashindwi! Mimi huinamisha kichwa na kupokea, kama Désiré na saluti yake. Mtaani Golf, kwa matajiri, magari ya mifuko ya hewa sasa yanashuka yenyewe kwa adabu ili mabibi wapande, kisha yanainuka bila mtu kutoa jasho, bila mtoto kuhesabu. Langu ni dogo, lina springi, na rejeta yake ni mpya. Hata hivyo kila jioni naweka kikopo chini yake, na kila asubuhi, kabla ya kuwasha, nainama na kukigeuza juu chini. Huwa kikavu. Sijakiamini hata siku moja.