Rangi Waliyoafikiana

Shangazi yangu ni mbishi. Ukimwambia mvua inanyesha, atatoa mkono dirishani kwanza. Kazi ilimfaa: alipima maji ya mji. Katika maabara yao sampuli hutiwa dawa, na maji yenye uchafu wa vyoo hugeuka pinki. Wapimaji husimama dirishani, kila mmoja hutaja rangi anayoiona, na wakiafikiana, hayo ndiyo matokeo.

Mumewe, mwalimu wa chuo, hakuacha kumchokoza. "Huo ukweli wenu mnaupika wenyewe humo chumbani." Shangazi alimjibu kwa kumnyima chai.

Mwaka ule watoto wa mtaani kwetu waliharisha hovyo, na mdogo wangu akalazwa. Maabara ikasema maji meupe, yaani safi. Shangazi naye alisema meupe, lakini roho haikumtulia. Jioni akaja na kichupa cha sampuli ile nyumbani kwake, nilikokuwa nikikaa, akakiweka mezani.

"Rangi gani hii?"

"Pinki," mumewe akasema. Nikaitwa kutoka jikoni, nami nikasema pinki, tena bila kusita.

"Mkuu wetu wa kwanza wa maabara, Mungu amrehemu, alitufundisha hii ni nyeupe," Shangazi akasema.

"Yule aliyekuwa akivaa soksi nyekundu mguu huu, ya kijani mguu ule?" mumewe akauliza.

Shangazi akaketi. Wote walikuwa wamefundishwa rangi na mtu asiyeziona.

Mumewe akapiga makofi. "Si nilikwambia? Ukweli mnautengeneza!"

"Ishia hapo, baba. Tumetengeneza uongo. Kama ukweli ungekuwa wa kutengeneza, mtoto wa kaka yangu angekuwa nje anacheza."

Jioni hiyo chai haikupikwa kabisa.

Kesho yake kazini aliwaonyesha wenzake kichupa, akawaeleza habari ya soksi, akataka maji yafungwe. Wakatazama, wakasema nyeupe. Watu husema walikosea tu; mimi nawalaumu mpaka leo.

"Dada, wenzako wote wameafikiana," meneja akamwambia. "Ukiyafunga maji, kazi huna."

"Rangi tuliafikiana sisi. Matumbo ya watoto hayakuwa kwenye kikao."

Akatoka na vazi lake jeupe la kazi hadi kwenye bomba kuu la mtaa wetu. Akafunga koki, akaitia kufuli, ufunguo akautumbukiza kifuani. Meneja alifika akihema, wapimaji nyuma yake, mtaa mzima ukitazama.

"Fungua!"

Shangazi akajifuta mikono.

"Kaeni kikao," akasema. "Muafikiane kwamba iko wazi. Kisha mchote."