Nilimnyamazisha Mdogo Wangu Mtoni

Nilisikia mbao zikipasuka kabla sijaona chochote.

Ukungu ulikuwa umekalia mto, mafunjo yote yamemezwa. Nilikuwa nimesimama mwaloni, pale mitumbwi inaposhushia samaki, na mabeseni yangu, namsubiri mdogo wangu Mwita alete kambare. Kraa! Halafu maji yakapigwa kwa nguvu. Halafu sauti ya mwanamume mzima ikamwita mama. Mama yetu, ambaye tulishamzika.

Kosa ni langu. Naliweka hapa juu kabisa, ili hata ukichoka kusoma uwe umeshalijua. Si la kiboko, si la mota, wala si la Mwita. Ni langu!

Mimi ni mama wa huku Tarime, kwenye kingo za mto Mara. Ng'ambo yetu ni Serengeti. Jina langu liacheni. Nina mtumbwi mdogo wa mbao, na Mwita, wa tumbo moja na mimi, ndiye alikuwa mvuvi wangu. Nilimbeba mgongoni huyo. Nilimpulizia uji. Samaki wake nilikuwa nawapeleka Nyakunguru, kwa wachimbaji wa dhahabu waliotoka Geita, Shinyanga na kwingineko, wanaotoka mashimoni asubuhi na njaa ya kula jiwe. Anayefika kwanza ndiye anayeuza. Sisi, kwa kasia, tulikuwa tunafika wenzetu wameshaosha mabeseni.

Sasa, kule kwenye mafunjo kuna viboko. Mvuvi wa mwalo wetu akiingia kwenye vile vijia vyembamba vya maji, anagonga ubavu wa mtumbwi kwa mpini wa kasia. Ko. Ko. Ko. Kiboko akisikia anasogea, kila mtu anaendelea na yake. Hakuna aliyetufundisha darasani. Mtoto wa mvuvi anaijua hiyo kabla hajajua kuogelea. Mimi mwenyewe nilikuwa nikisikia ile ko ko ya Mwita ikikaribia, naanza kujifunga kanga vizuri, najua kazi imefika.

Nikaamua tununue mota.

Tulienda wawili mpaka Sirari, kwenye duka la vifaa vya sola na mashine za mitumba. Muuzaji alikuwa kijana kutoka ng'ambo ya mpaka, mdomo haupumziki. Akachukua mota ya umeme, ile inayoning'inizwa nyuma ya mtumbwi na kuendeshwa kwa betri, akaitumbukiza kwenye pipa la maji, akaiwasha. Propela ikazunguka, maji yakatibuka, na masikio yangu hayakupata kitu.

"Mathe, unaskia kitu? Huskii! Hata samaki haskii. Utamshika akiwa bado analala!"

Nikacheka. Mwita hakucheka.

"Hamna inayopiga kelele?" aliuliza.

Kijana akashika kiuno. "Boss, nimeuza hapa siku nyingi, wewe ndio wa kwanza kuulizia kelele. Kama ni kelele nitakupatia bure, ngoja nikuitie mama watoto."

Mwita akaonyesha injini ndogo ya petroli iliyokuwa pembeni, kuukuu, imepauka rangi. Nikakataa. Petroli inanuka, samaki wakishika harufu ile mchimbaji anakurudishia kwa matusi. Na umeme ningeuvuna juu ya bati langu mwenyewe, kwa sola. Hapo sikukosea, na mpaka leo nasema hivyo.

"Basi kama ni ya umeme, dada, tuchukue ile kubwa," Mwita akasema. "Mto ukijaa, haka kadogo katasukuma nini?"

Hata muuzaji akamuunga mkono. "Hapo anasema ukweli, mathe. Hii ndogo ni ya maji imetulia."

Nikaiinua ile kubwa. Nzito, na inataka betri mbili. Nikaiinua ndogo, mkono mmoja tu, kama mkoba wa kanisani. Nikajiona napanda nayo bodaboda bila kuomba msaada wa mtu.

"Mwenye mtumbwi ni nani?" nikauliza.

Mwita akairudisha ile kubwa mahali pake. Tukarudi na ndogo.

Wiki za mwanzo, jamani, nilijiona nimepata akili kuliko mwalo mzima! Mwita anatoka mapema, anarudi mapema, nafika Nyakunguru wachimbaji ndiyo kwanza wananawa uso. Walinibandika jina: Mama Umeme. Nilikuwa naitikia kwa madaha.

Lakini Mwita aliendelea kugonga. Tena alizidisha. Kila nikimsikia, moyo unachemka: nimelipia kimya, yeye anakivunja kwa mpini wa kasia!

Siku moja akiwa anashusha samaki, nikamwambia mbele ya wachuuzi wapita njia, wavuvi wenzetu wakiwa bado majini. "Mwita, unapiga ngoma ya harusi ya nani kule?"

"Nagonga, dada. Wale wakubwa wajue napita."

"Samaki wanakimbia!"

"Hawa uliowabeba kwenye beseni walikimbilia wapi?"

Watu wakacheka. Walinicheka mimi, Mama Umeme! Damu ikanipanda.

"Wangekuwa wengi zaidi."

Akaacha samaki, akasimama, akaongea polepole kama mtu anayemweleza mgonjwa. "Dada, zamani kasia lilikuwa linasema lenyewe. Likipiga maji, linasikika. Hii mota haisemi. Ndiyo maana sasa nagonga zaidi."

Alikuwa ananieleza ukweli wote. Ningekuwa na nusu ya masikio ningeusikia.

Nikamjibu: "Kama huwezi kuendesha bila ngoma, vijana wa kuendesha wamejaa Nyakunguru. Wengine mashimo yamewakataa, wanatafuta kazi yoyote."

Mwita ana mke, Bhoke, na mtoto anayejifunza kutembea. Hana mtumbwi mwingine. Akaokota kamba yake.

"Sawa, dada."

Kesho yake nikatega masikio. Kimya. Keshokutwa, kimya. Na mimi nilifurahi! Mungu wangu, nilifurahi.

Mvua zikanyesha huko juu, mto ukavimba. Ndipo ikaja asubuhi ile ya ukungu niliyowaambia. Mwita alikuja kunisimulia baadaye kwamba alimwona kiboko amekaribia kiasi cha kumgusa, akageuza mota akimbie, na mota ikamsukuma kinyonge, maji yakiwa na nguvu kuliko yenyewe. Walikuwa jike na mtoto wake. Hakuna mnyama pale aliyejua kwamba mtu anapita.

Baba Robi, mvuvi mwenzetu mwenye mtumbwi mkubwa, ndiye aliyeingia kumtoa. Alikwenda akigonga njia nzima. Akarudi na Mwita amelala ndani ya mtumbwi, mguu wa kulia umefungwa kwa shati, na mguu wenyewe haukuwa mguu tena.

Tukambeba mpaka juu. Watu wakajaa. Baba Robi, maji yakimtiririka, akapaza sauti: "Kwa nini hakugonga? Huyu si mgeni! Kwa nini hakugonga?"

Kila uso ukageuka kwangu.

Nimejaribu sana kujieleza kilichonipata pale. Hofu? Aibu? Nilikuwa na nafasi ya kusema maneno mawili tu: nilimkataza. Mdomo wangu ukafunguka ukatoa haya:

"Mimi nilimwambia agonge! Hasikii! Tangu apate mota anajiona mfalme wa mto!"

Mwita alikuwa macho. Macho yake yalikuwa wazi, wewe unayesoma. Yalikuwa kwangu.

Hospitalini walimkata mguu chini ya goti. Nililia kuliko mke wake, wakaja kunibembeleza mimi. Nikabembelezwa! Na yale maneno yakatembea bila mimi. Yakavuka ng'ambo, yakafika mgodini. Mwita aliyejigamba na mota. Mwita aliyesahau walichomfundisha baba zake.

Aliporudi nyumbani na magongo yake hakukana. Hata Bhoke alipomuuliza, alimjibu tu kwamba yamepita.

Yangekuwa yamepita, kama si hili. Wachimbaji waliokosa dhahabu wanakuja kwetu kuvua, hawajui mto. Wavuvi wakakubaliana wapate mtu wa kukaa mwaloni kuwafundisha vijia na tabia za wanyama, na kila mtumbwi umkatie fungu la samaki kama malipo. Kazi ya kukaa. Kazi ya mtu mwenye mguu mmoja na kichwa kizima. Nani anaujua mto ule kumzidi Mwita? Akavaa shati safi, akaenda kuomba.

Baba Robi akamwambia, "Mura, kijana wetu, tunakuonea huruma. Ila utawafundisha nini? Kusahau?"

Watu wakacheka. Nilikuwepo, nimeinamia beseni, napanga kamongo ambao walikuwa wameshapangika.

Ndugu zangu, mnaotaka mota ya umeme, nunueni, si kitu kibaya. Ila msichague kwa wepesi wa kubeba kama nilivyochagua mimi. Ulizeni maji yenu yanakimbiaje yakiwa yamejaa, na chukueni yenye nguvu ya kuyashinda. Na msikilizeni atakayekaa ndani ya mtumbwi! Wewe wa nchi kavu unaijua bei, yeye anajua kinachoishi chini. Akikuambia anahitaji kugonga, mwache agonge mpaka mbao zitoboke.

La pili ni zito kuliko la kwanza. Ukimsingizia mtu kwa sababu umeogopa, rudi siku ileile, kabla watu hawajatawanyika. Siku ileile! Mimi niliacha ipite moja, nikasema kesho, na sasa uongo wangu una miguu miwili wakati mdogo wangu ana mmoja.

Juzi mchana nilimwita kwangu. Mume wangu alikuwa amekwenda mnadani Itiryo na ng'ombe, nikaona ndiyo nafasi. Mwita akaingia, akaegemeza magongo ukutani, akakaa.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba." Nikapiga magoti, mimi niliyembeba mgongoni. Nikasema yote. Kwamba nilimkataza, kwamba nilimtishia kumnyang'anya kazi, kwamba nilimsingizia akiwa anavuja damu. Nililia mpaka sauti ikakauka.

Akanisikiliza hadi mwisho.

"Dada, haya unaniambia mimi ya nini?" akauliza. "Mimi nilikuwepo."

Nikajifuta macho kwa pindo la kanga.

"Inuka basi. Twende mwaloni sasa hivi, wapo, wanatengeneza nyavu. Mwambie Baba Robi. Maneno hayohayo, hata usiongeze."

"Mwita..."

"Sitaki kingine. Sitaki pole, sitaki unga. Nataka wasikie kwako."

Nikaona ule mwalo mzima umenigeukia. Nikamwona mume wangu, nikawaona wateja wangu, nikalisikia jina jipya watakalonipa. Na sikuinuka, wewe unayesoma.

"Ngoja kwanza," nikasema. "Tusubiri mvua hizi ziishe. Nikae na shemeji yako kwanza, nimwandae. Halafu nitakwenda, nakuapia."

Mwita akatikisa kichwa kidogo, bila hasira. Ningependa angekasirika. Akafikia gongo la kwanza, akafikia la pili, akajisukuma akasimama. Nikataka kumshika mkono, akauondoa.

"Nakusihi, kaa ule kwanza," nikasema. "Chakula kiko tayari."

"Bhoke amepika," akajibu.

Akavuka kizingiti kwa shida, akageuka nusu, akausukuma mlango kwa ncha ya gongo, akaufunga.