Ndege Iliyomleta Baba Mkwe Darasani

Nilikuwa mwalimu wa kisomo cha watu wazima katika kijiji chetu cha ujamaa, upande wa Kiomboi, na mtu aliyenishinda kabisa alikuwa baba mkwe wangu. Wenzake walikuja ghalani jioni wakitoka shamba la kijiji, wakaegemeza majembe ukutani, tukaanza a, e, i, o, u. Yeye hakuja. Kwetu mke wa mtoto hamtazami baba mkwe usoni wala hasimami mbele yake. Mzee akitaka maji anamwambia mama mkwe, na mama mkwe ananiambia mimi, hata kama nimesimama hapo hapo. Sasa mtu wa namna hiyo utamfundishaje?

“Mimi nimevuka bahari mpaka Burma,” alikuwa akisema, makusudi nisikie. “Leo nikashikishwe chaki na mke wa mwanangu?”

Bahari hiyo ndiyo ilikuwa donda lake. Mwingereza aliwapeleka vitani yeye na mdogo wake, kila mmoja na meli yake, na meli ya mdogo wake ikapigwa na nyambizi mchana kweupe, yeye akitazama. Hakuzikwa mtu. Tangu aliporudi, hata Ziwa Kitangiri hakulisogelea.

Siku moja mume wangu alileta misumari kutoka Singida, imefungwa kwenye kipande cha gazeti. Kukikunjua, naona picha: ndege ya jeti inaruka kutoka juu ya meli, na chini yake maneno ya Kiswahili kwamba kazi yake ni kuwinda nyambizi. Nikakibandika darasani, maana vitabu vyenyewe tulikuwa tunagombania. Wee, darasa lilichangamka! Mama mmoja alibisha kufa na kupona kwamba meli haiwezi kubeba ndege.

Habari zikamfikia mzee. Akatuma mtoto aje kuchukua karatasi ile, akampa mtani wake amsomee. Jamani, kazi kama hiyo unampaje mtani? Mtani akakohoa, akasoma bila hata kutabasamu: serikali inawaita tena askari wa zamani, ndege hii inakuja kuwachukua, kila mtu aje na blanketi lake. Asubuhi tukamkuta mzee kando ya barabara, koti la jeshi limefungwa vifungo vyote, blanketi begani. Kijiji kizima kilivunjika mbavu. Hata mimi nilicheka, nimejiziba mdomo kwa khanga. Na mtani hakasirikiwi, ndiyo desturi. Mzee alimeza hasira, akarudi nyumbani na blanketi lake. Nilipoona anavyokwenda ameinama, nilimwonea uchungu sana.

Jioni ile nikasikia kigoda kinaburutwa nje ya ghala. Mzee akaketi dirishani, akautazama ubao. Haraka nikajibanza nyuma ya magunia ya mtama, asinione. Kuanzia siku hiyo nilikuwa naandika ubaoni kabla hajafika, kisha natamkia kule kule kwenye magunia. Nikisema “ba”, darasa linaitika “ba”, na sauti nzito ya nje inafuata nyuma kidogo. Nilitamani kupiga vigelegele.

Alisoma hivyo kiangazi chote. Hata nyuki wa paani walipofukuza watu ghalani, yeye alijitanda blanketi akabaki. Kisha siku moja akaomba karatasi yake, akapewa pale dirishani. Akasoma mwenyewe, jasho linamtoka: “Nde-ge hii hu-do-ndo-sha vyo-mbo vya ku-si-ki-li-za ba-ha-ri-ni. Hu-i-sa-ka nya-mbi-zi ha-di ku-i-pa-ta.” Akarudia tena, safari hii bila kukwama.

“Kumbe ni kweli,” akasema. “Kumbe siku hizi nyambizi zinasikika.”

Mtani wake alikuwa darasani. Alikuwa anasikiliza.

“Mkwe wangu,” mzee akaita. Nilishtuka, maana hakuwahi kunisemesha. “Sisi hatukuwa na ndege hii. Basi, yamepita. Vijana wa sasa wavuke salama. Mimi nifundishe kuandika jina la mdogo wangu.”

Hapo nikakwama. Mdogo wa baba mkwe naye ni baba mkwe, na jina lake mdomo wangu hauruhusiwi kulitaja. “Shikamoo baba,” nikasema kutoka nyuma ya magunia. “Mimi siwezi kukutamkia. Lakini herufi zake zote unazo. Ingia ujaribu.”

Nikaweka chaki juu ya meza, nikapitia mlango wa nyuma ili apate kuingia. Nikasimama nje, sikio ukutani. Chaki ilikwaruza, ikasimama, ikakwaruza tena kwa muda mrefu. Nilikuwa nalia na kucheka palepale. Ndipo nikamsikia mtani wake akisoma kwa sauti, taratibu, bila mzaha wowote, na darasa zima likaitika, lile jina ambalo nyumbani kwetu halikuwahi kutajwa tangu meli ile izame.